Saruji ya Pingili ya Nane

Kiatu kilinitoka ghorofa ya sita, Kilimani,
nikipiga plasta ukuta wa ngazi,
nami sikukisikia.
Ni Odera, aliyekuwa chini akikoroga mchanga,
aliyekiokota akapaza sauti:
"Musembi! Mguu wako uko wapi?"

Nilikuwa nao. Niliutazama ili nihakikishe.

Tangu Juni nilisingizia baridi,
nikasingizia mifuko ya kilo hamsini;
mke wangu akasingizia kitanda.
Tukanunua godoro jipya kwa mkopo wa chama,
maumivu yakalilalia
vizuri kuliko mimi.

Eksirei ya kwanza Daktari Jerotich
aliinyanyua kwenye kioo cha dirisha,
Barabara ya Ngong ikapita nyuma ya mbavu zangu.
Pingili moja ilikuwa na mistari iliyosimama,
kama kodrai ya suruali ya zamani.
Hakusema kitu. Akaniandikia picha ya sumaku.

Ndani ya lile bomba nililala kama nondo ndani ya nguzo,
mashine ikigonga, ikikoroma, ikigonga,
nami nikihesabu: hiyo nyundo, hiyo kompresa,
hiyo grenda inakata vigae.
Nani anajenga humu?

"Ni uvimbe," akasema daktari,
na neno hilo, kwetu Mutomo, haliingii nyumbani
bila kufuatwa na viti vya kukodi.
Dada yangu alikwisha kuanzisha kundi la mchango.
"Sikiliza. Si saratani.
Ni mishipa ya damu iliyojisokota ndani ya mfupa.
Wako watu tele mjini humu wanatembea nao
hadi wanazeeka, hawaujui, nasi hatuugusi.
Wako umetoboa ukuta. Unaegemea uti."

Hilo nililielewa.
Nimewahi kubomoa ukuta wenye bomba linalovuja:
nje rangi inacheka,
ndani jiwe linamumunyika kama biskuti kwenye chai.

Siku ya kwanza, akasema, wataziba mabomba.
Waya mwembamba kuliko wa kufungia nondo
utaingia kinenani, upande hadi mgongoni,
damu ikatiwe njia,
asije fundi wa kesho akafanya kazi kwenye mafuriko.
Siku ya pili watauondoa mfupa unaobana,
na pingili wataijaza saruji.

Nikainuka kwa viwiko.
"Moja kwa ngapi?"
"Haina mchanga."
"Inakauka kwa siku ngapi?"
"Dakika kumi na tano."
"Basi nani ataimwagilia maji?"
Alicheka hadi akavua miwani.
Mimi sikutania. Saruji isiyonyweshwa hupasuka,
nimeziona nguzo za wenye haraka.
Nikatia sahihi,
chokaa bado kwenye kucha.

Nilipozinduka, Muuguzi Gathoni
alipitisha kalamu kwenye vidole vya mguu.
"Nagusa kipi?"
"Cha mwisho."
Kilikuwa cha kati.
Akaandika. Kesho yake akauliza tena, nikakosa tena.
Wiki ya tatu nilipatia, tukanyamaza wote wawili,
kisha akagusa kingine.

Januari nilirudi Kilimani, si kubeba,
kuuchukua mwiko wangu tu.
Ngazi nilizipanda moja moja, kiganja ukutani.
Ghorofa ya sita, pale plasta yangu ilipokomea
na ya Odera ikaanza, kuna mshono.
Rangi imeuficha, ila mkono unaujua.

Na ndani ya kiatu, chini ya kidole gumba,
chembe moja ya mchanga ilinichoma.
Sikuitoa.
Niliibeba hivyo hivyo
hadi nyumbani.